Fidla ya Kwanza kwa Pesa za Mchezo

Muuzaji alifungua boksi juu ya kaunta, akafunua kitambaa, akasema, "Dada, hii mpya kabisa. Hata nyuzi hazijakazwa."

Alikuwa anasema kweli. Nyuzi zote nne zilikuwa zimelegea, na lile daraja dogo la mbao ambalo kazi yake ni kuzibeba lilikuwa pembeni, limefungwa kwenye karatasi laini, jirani na kipande cha rozini, ule utomvu mkavu wa kupaka upinde, ndani ya plastiki yake. Fidla ilikuwa inang'aa. Laki mbili na nusu, boksi na upinde humohumo. Nje, Mtaa wa Kongo ulikuwa umefurika kama kawaida yake na watu walikuwa wanapitisha mizigo juu ya vichwa vyetu.

Nikamuuliza kama anaweza kulisimamisha hilo daraja nisikie sauti. Akanijibu kwa upole kwamba yeye anauza tu. Wateja wake wengi huenda kumaliziwa na walimu wao.

Mimi sikuwa na mwalimu.

Pembeni yangu kulikuwa na kijana ananunua nyuzi za gitaa. Akageuka, akaitazama ile fidla kidogo tu, akaniambia, "Dada, hiyo bado haijawa fidla." Akalipa, akachukua chenji yake, akaondoka.

Sikununua. Lakini kauli ya yule kijana ilinifuata mpaka nyumbani Tabata, na wiki nyingi baadaye nilikuwa bado naigeuzageuza.

Laki tatu

Pesa ilikuwa ya mchezo. Ofisini tunacheza watu kumi, elfu thelathini kila mwezi, na zamu yangu iliangukia Septemba. Kila mwenye ndugu hapa mjini anajua laki tatu ya Septemba ina wenyewe wangapi: kodi, harusi ya binamu, na Januari yenye ada zake inayochungulia kwa mbali. Nilikuwa nimeamua kwamba safari hii sitaigawa. Nilikulia Magomeni, nyumba ya jirani ilikuwa na redio inayopiga taarabu kila alasiri, na kabla sijaelewa maneno ya wimbo nilikuwa nimeshaielewa fidla. Mwimbaji anamaliza ubeti, fidla zinamjibu. Nilitaka kujua mkono unafanya nini pale zinapojibu.

Kwa hiyo swali langu la mwanzo lilikuwa dogo: laki tatu inatosha kupata fidla ya mtu anayeanza?

Nikitaja swali hilo, watu walinijibu kwa bei. Kuna za laki na nusu, kuna za laki tatu, kuna za milioni. Nyingi ya hizi za bei ya chini zinatoka China, na mji wa Huangqiao, jimbo la Jiangsu, umekuwa kitovu kikubwa cha kuzitengeneza. Boksi, upinde na rozini vinatoka vikiwa seti moja. Sina neno baya juu yake. Kama si viwanda hivyo, mtu wa kipato changu asingethubutu hata kuota fidla.

Ila bei haikunijibu kuhusu lile daraja kwenye karatasi.

Asiyejua atajuaje?

Hapa ndipo paliponikosesha usingizi.

Ukinunua redio mbovu, unaijua siku hiyohiyo. Fidla mbovu haijitangazi hivyo, maana anayeanza hana sauti nzuri ya kulinganishia. Mikwaruzo ni yake au ni ya chombo? Kidole kinauma kwa sababu hajazoea au kwa sababu nyuzi zimekaa juu mno? Uzi umeshuka sauti kwa sababu alikaza vibaya, au kigingi cha kukazia uzi hakishiki? Kila jibu baya anajibebesha mwenyewe. Anasema, "Mimi sina sikio la muziki." Fidla inapanda juu ya kabati, na habari inaishia hapo.

Nimewasikia watu wazima wakisema hivyo kuhusu nafsi zao. Miaka ishirini wanaamini hawana kipaji, kumbe pengine walipewa daraja bapa.

Maana daraja bapa ni adhabu. Juu yake linatakiwa kuwa na mviringo, ili upinde uguse uzi mmoja bila kumgusa jirani. Likija bapa, kila ukitafuta uzi wa pili unapiga na wa tatu. Hakuna mazoezi yatakayorekebisha hilo. Tena fidla haina vile vipande vya chuma vilivyo kwenye shingo ya gitaa, kwa hiyo kidole ndicho kinachoamua sauti. Kutoka mwanzo wa uzi hadi nusu sauti ya kwanza ni kama milimita 18 kwenye fidla kubwa, ile saizi ya mtu mzima. Ukikosea milimita tatu, sikio la mtu wa kwaya linajikunja. Sasa mpe mwanafunzi nyuzi zilizoinuka juu mno. Akikandamiza, uzi unavutika na sauti inapanda. Kidole kimekaa mahali pake kabisa na sauti bado ni ya uongo.

Ndipo nilipoanza kumwelewa yule kijana wa nyuzi za gitaa.

Nilianza kutazama vitu vingine

Rangi nikaiacha. Nilirudi Kariakoo, nikapita na maduka ya mjini, na kila niliposhika fidla nilichungulia kwanza kupitia yale matundu mawili yenye umbo la herufi f. Ndani, karibu na mguu wa daraja upande wa uzi mwembamba, panatakiwa pawe na kijiti kilichosimama wima kati ya tumbo na mgongo wa fidla. Hakijagundishwa kwa gundi. Kinashikiliwa na mkazo tu, na daraja nalo vivyo hivyo. Nyuzi nne zikikazwa zinavuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 20, na nguvu hiyo ndiyo inayofanya kila kitu kisimame. Ndiyo maana hushauriwi kulegeza nyuzi zote kwa mpigo: kijiti kinaweza kuanguka. Kwenye baadhi ya fidla nilizochungulia, kijiti kilikuwa kimelala chini tangu kiwandani au njiani, na mwenye duka hakuwa na habari.

Kingo za matundu yale zinasema mengi pia. Ukiona matabaka, ni plaiwudi. Ukiona nyuzinyuzi za mti zilizonyooka, zimekaribiana, zinashuka mpaka ndani, ni ubao mzima, na kwa kawaida ni ule mti wa nchi za baridi wa jamii ya misonobari. Ubao mzima ni bora, hilo halina ubishi. Ila mimi leo, kwa mtu wa laki tatu, ningechagua plaiwudi iliyorekebishwa vizuri na fundi kuliko ubao mzima ambao hakuna mkono uliougusa.

Ubao mweusi wa vidole nao huwa ni mti laini uliopakwa rangi, kwenye zile za bei ya chini kabisa. Tazama ubavuni mwake, rangi itakuwa imeanza kuchubuka. Kizingiti kidogo cha juu, pale nyuzi zinapoingilia kwenye vigingi, kisiziinue nyuzi kupita unene wa kadi. Mwisho wa ubao, uzi mwembamba uwe juu kama milimita 3 na nusu, ule mnene kama 5 na nusu. Vigingi vizunguke bila kukwama na vikae unapoviacha. Upinde uutazame kwa jicho moja, kama seremala anavyotazama kama mbao imenyooka, kisha uukaze kidogo uone kama fimbo inapinda pembeni. Singa zake ni za mkia wa farasi, na bila rozini haziutoi uzi sauti yoyote. Wapo wanaorudisha fidla dukani wakidai ni mbovu, kumbe rozini bado iko kwenye plastiki.

Wauzaji wengi walinivumilia. Mmoja alitoa tochi ya simu yake akachungulia pamoja na mimi, akashangaa kuona kijiti.

Mzee wa Magomeni

Ulaya na Marekani anayeanza mara nyingi hukodi. Analipia kila mwezi, duka linaikagua fidla, mtoto akikua anabadilishiwa saizi. Nililitafuta duka la namna hiyo hapa Dar na sikulipata. Lakini mji huu umepiga fidla muda mrefu. Egyptian Musical Club na Al-Watan zilikuwa vilabu vya hapahapa Dar, na ng'ambo ya maji Unguja, Ikhwani Safaa ipo tangu 1905, na tangu 2002 kuna chuo cha muziki cha Dhow Countries kinachofundisha fidla pamoja na udi na ganuni, vyombo vingine vya nyuzi vya taarabu. Fidla hazikupigwa miaka yote hiyo bila watu wanaojua kuzitengeneza. Mafundi wapo, ila hawana vibao barabarani.

Nilielekezwa kwa mzee mmoja Magomeni, mitaa ileile niliyokulia, aliyepiga taarabu ya zamani kabla kinanda hakijazimeza sauti za vyombo vingine.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na fidla au umekuja na pesa?"

Nikamwambia nimekuja na pesa tu.

"Basi umewahi."

Akanieleza kitu ambacho kilibadilisha hesabu yangu yote. Kwake, pesa ya anayeanza haiendi yote dukani. Akapendekeza nisiguse zaidi ya nusu kwa ajili ya chombo chenyewe. Iliyobaki ni ya nyuzi, daraja, mkono wa fundi na masomo ya mwanzo. Nikamuuliza, kwa nusu hiyo ya laki tatu nitapata fidla gani? Akacheka kidogo, akasema, "Mwanangu, mji huu una fidla nyingi kuliko wapigaji. Uliza zilipolala."

Zilipolala

Zililala stoo, kwenye kanisa la dada mmoja tunayecheza naye mchezo. Miaka kadhaa nyuma kwaya yao ilipata fidla kwa msaada wa marafiki wa nje, mwalimu akaja akafundisha, kisha akahama. Nyuzi zikakatika moja moja. Kwaya ikaendelea na kinanda.

Mhazini alitufungulia. Kulikuwa na harufu ya vitabu vilivyopigwa na unyevu. Boksi la kwanza lilikuwa na fidla kubwa yenye uzi mmoja, haina daraja, na kigingi kimoja kimevunjikia ndani ya tundu lake. Upinde ulikuwa umebaki na singa chache zilizoning'inia. Nikachungulia kwenye matundu. Kijiti kilikuwa kimesimama.

Ubao wa vidole ulikuwa wa mti mgumu wa kweli. Kingo za matundu, ubao mzima.

Niliipenda pale pale, na papo hapo nikaanza kuogopa.

Mama yangu nilipomwambia alisema, "Nguo ya kuazima haisitiri matako." Alikuwa na hoja. Nitie pesa ya mchezo kwenye chombo cha watu, kesho aje mchungaji mwingine aseme mali ya kanisa irudi? Na kulikuwa na wasiwasi mwingine mzito zaidi, ambao mama hakuutaja: kama fidla hii ililetwa kwa ajili ya watoto wa kwaya, mimi mtu mzima mwenye mshahara naichukua kwa haki gani?

Hilo la pili nilikaa nalo muda mrefu kuliko la kwanza. La kwanza ni la karatasi, tungeandikiana. La pili lilihitaji nimsikilize mhazini, na alichosema kilikuwa wazi. Ile kubwa hakuna mtoto wao anayeweza kuishika, mikono haifiki. Wanazohitaji watoto ni zile ndogo, mojawapo ni ya saizi ya robo tatu, na hizo zinahitaji nyuzi kuliko zinavyohitaji kufungiwa. Akanipa sharti: niichukue kubwa, niitengeneze, nikiacha kujifunza irudi na nyuzi zake. Na nikiweza, nisaidie zile ndogo kidogo kidogo.

Tukaandikiana, yeye, mimi na mwenyekiti wa kwaya.

Kigingi cha mpingo

Kigingi kilichovunjika ndicho kilichonifundisha fidla ni kitu gani.

Mzee alisema vya dukani vipo ila lazima vichongwe upya kufuata tundu, kwa hiyo kama nina mbao ngumu nilete. Nikaenda Mwenge kwa wachongaji, nikaomba kipande cha mpingo kilichobaki kwenye kinyago. Walinipa bure. Ni mti uleule unaotoka kusini, Lindi na Kilwa, ukavuka bahari na kurudi ukiwa klarineti na obo, vyombo vya kupuliza vya watu wengine. Kukiweka kipande chake kwenye fidla ya Dar kulinifurahisha kuliko ninavyoweza kueleza.

Kigingi si silinda. Kila milimita 30 za urefu wake kinapungua unene kwa milimita moja, na tundu la upande mmoja linapishana na la pili kwa kipimo hichohicho. Mzee alikichonga kwa kisu kidogo, akapiga msasa, akakiingiza, akakizungusha, akakitoa. Palipogusana palikuwa panang'aa, nusu tu ya mzunguko. Akapunguza hapo panapong'aa, akaingiza tena. Alirudia hivyo mpaka alama ikang'aa mzunguko mzima, pande zote mbili. Kisha akapaka chaki ili kishike na sabuni kavu kidogo ili kisikwame.

"Masika kitavimba," akasema. "Kikikataa kuzunguka, usikilazimishe. Kitoe, kisubiri, kipake sabuni. Kiangazi kikilegea, chaki."

Unyevu wa pwani hii ndiye adui wa kweli. Gundi ya asili inayoshikilia fidla inalegea kwa joto na majimaji, nyuzi za chuma zinashika kutu kwa hewa ya chumvi. Siiachi ndani ya gari juani. Kwenye daladala naipakata, siiweki mbele juu ya injini, hata konda akilalamika. Vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, navikusanya vyote na kuvitia kwenye boksi lake.

Daraja jipya lilikuja nene, na mzee alilipunguza juu mpaka likawa na mviringo wake, miguu akaichonga ifuate mwinuko wa tumbo la fidla bila kuacha mwanya hata wa karatasi. Kisha akafunga nyuzi moja moja, akizikaza kwa zamu. Akaanza na uzi wa la, akaenda wa re, wa sol, wa mi. Kila uzi na jirani yake wanaachana kama do na so.

Hesabu ilikuwa hivi: nyuzi elfu 65, daraja 15, upinde mwingine wa bei ya chini 60, mkono wa mzee 40. Laki moja na elfu themanini. Ikabaki laki moja na ishirini, nayo nimeiweka kwa ajili ya masomo, kwa huyohuyo mzee, Jumamosi asubuhi.

Sauti mbaya ya halali

Nikipiga sasa hivi, ni vibaya. Upinde unateleza kuelekea kwenye ubao wa vidole, kiwiko kinapanda, uzi wa mi unapiga kelele. Jirani yangu ameniomba nisipige baada ya saa mbili usiku na nimemkubalia.

Lakini nikiharibu, mzee anaichukua fidla ileile na upinde uleule, anapiga kipande kilekile, na sauti inatoka safi. Kwa hiyo ninajua. Kosa ni la mkono wangu na mkono unafundishika. Kwa anayeanza sijaona kitu cha thamani kuzidi uhakika huo, na ndiyo ulionigharimu wiki zote zile kuutafuta. Kama una bajeti ndogo, tafuta kwanza mtu anayeweza kuipiga hiyo fidla mbele yako kabla hujatoa hela. Akishindwa hata yeye kuitoa sauti, hiyo si ya kwako, hata ikipunguzwa mpaka laki moja.

Na kama una ufunguo wa stoo, iwe ya kwaya, ya shule au ya kikundi cha taarabu kilichohamia kwenye kinanda, naomba uifungue wiki hii. Chungulia kwenye matundu. Usitupe kitu chochote kilichovunjika, hata kipande cha kigingi. Fundi anakihitaji apate kipimo. Seti ya nyuzi ni chini ya gharama ya kukodi maturubai ya sherehe moja, na kila fidla iliyolala humo ni mwanafunzi mmoja ambaye hatalazimika kuanza na ile yenye daraja kwenye karatasi.

Kwenye mchezo wetu watatu wamekubali kuchangia nyuzi za zile ndogo za kwaya. Tumeshaagiza. Zikifika, seti ya kwanza inaenda kwenye ile ya robo tatu, kwa sababu kuna mtoto wa darasa la nne ambaye mhazini anasema anamuulizia kila Jumapili.